Waya Uliofungwa Utepe wa Bluu

2 Machi

Kwako Kitinda,

Mama amesema nitangulize salamu zake, basi zipokee kwanza: anakusalimu, magoti yanamruhusu kufika kibarazani na kurudi, na anauliza kama huko milimani unavaa soksi. Mimi mzima. Najua simu yako haishiki mtandao mpaka upande juu ya tangi, ndiyo maana nakuandikia, na barua hii nitamkabidhi dereva wa lori la saruji.

Nina shida ya kazini, na ni shida ya fani yako. Unaikumbuka Mtetea, ile mashine uliyoifungia bongo jipya, kile kisanduku cha kuiongoza, mwaka juzi, kubwa kuliko zote hapa kwenye nyumba ya kutotolea vifaranga, inayomeza mayai elfu kumi na tisa kwa mkupuo mmoja. Tangu uondoke sijawahi kukuandikia lalamiko juu yake. Joto sawa, unyevu sawa, na kila saa inazigeuza trei zake polepole, kama mtu anayegeuka kitandani bila kumwamsha mwenzake. Kazi yangu ni kuchungulia mayai kwa taa, na katika kazi hii nimeona mengi, lakini bado nikisimama mbele ya lile kabati la chuma nastaajabu kwamba kitu kisicho na damu kinaweza kulea.

Sasa ina mambo mawili. La kwanza ni saa yake. Umeme ukikatika, jenereta letu huchukua dakika saba mpaka likubali kuwaka. Zamani Mtetea ilizivumilia dakika hizo, na ikiwaka inajua ni tarehe ngapi. Siku hizi ikiwaka inaniambia ni tarehe moja Januari, ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado navaa sare za shule. Huwa narekebisha kwa mkono.

La pili, kabati linauma. Ukiligusa kwa ngozi tupu unahisi kama siafu wanatambaa vidoleni. Wenzangu wamelifanya mchezo. Akija mgeni wanamwambia, "Msalimie Mtetea," naye akigusa wanacheka. Mimi hucheka nao, ila nimeanza kubonyeza vitufe kwa kalamu.

Meneja ameamuru mayai yaingie tarehe tano. Alitaka kuita fundi mwingine, nikamwambia aliyeifunga ni ndugu yangu wa tumbo moja na hakuna aijuaye kama yeye. Niambie nifanye nini.

Dada yako


7 Machi

Dada yangu,

Barua yako imenifika jana, imejaa vumbi la saruji. Mwambie Mama nina soksi jozi tatu, na moja kati ya hizo haina tundu.

Habari ya saa ni rahisi. Ndani ya bongo la Mtetea kuna betri bapa, ndogo kama kifungo cha koti. Umeme ukiwepo, betri hiyo imelala. Umeme ukikatika ndipo inaamka na kushikilia saa na tarehe peke yake mpaka umeme urudi. Huishi miaka kadhaa, ila joto la nyumba yenu hufupisha safari yake. Yenu imechoka. Betri ikichoka, saa ndiyo hupotea kwanza. Ikifa kabisa, mipangilio yote hufuata: joto, unyevu, kugeuza, hesabu ya siku. Kwa hiyo leo hii chukua daftari, pitia kurasa za kwenye kioo moja moja, na uandike kila namba unayoiona, hata usiyoielewa. Usiache hata nukta.

Usilifungue kabati. Hata mlango wake usiuvute.

Hilo la kuuma si mchezo, waambie waache. Weka ubao mkavu mbele ya kabati, na ukitaka kubonyeza kitu simama juu yake ukiwa na viatu vya mpira. Sakafu ya hapo isioshwe kwa maji. Na kama mayai hayajaingia, mwombe meneja asubiri.

Halafu nakuomba unitazamie kitu. Chini ya kabati, upande wa kushoto, unatoka waya wa kijani wenye mstari wa njano. Unapenya ukuta na kutokeza nje, upande wa bustani. Huko nje kuna fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, kichwa chake kimebaki juu kama shubiri moja. Niambie kama waya umeifikia fimbo. Usiuguse, tazama tu. Na usiniulize kwa nini.

Sisi huku tunajenga kituo cha kupokea umeme wa bwawa. Mwezi uliopita mhandisi alitupeleka kuona kinachofukiwa chini kabla ya zege kumwagwa. Dada, ni wavu wa shaba, mpana kama uwanja wa mpira, kila zinapokutana nyaya mbili pamechomelewa. Nikamwuliza, "Shaba yote hii ya kazi gani, na hakuna taa hata moja itakayowaka kwa sababu yake?" Akaniambia umeme uliopotea njia lazima uwe na mahali pa kwenda, na usipoandaliwa mahali, utajitafutia mwili wa mtu. Wenzangu waliondoka wakaniacha nimesimama pale. Tangu siku hiyo sina raha.

Nijibu upesi.

Kitinda


12 Machi

Mdogo wangu,

Mayai yaliingia tarehe tano kama meneja alivyotaka. Barua yako ilifika tarehe kumi, alasiri. Nakutajia saa kwa sababu asubuhi ya siku hiyo hiyo tulipata msiba mdogo, na ulikuwa nusura uwe mkubwa.

Bi Ndoo, yule anayetusafishia, alikuwa anapiga deki pekupeku kama kawaida yake. Akateleza, akajishikiza kwenye kabati kwa mkono uliolowa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ameshika na hawezi kuachia, mdomo wazi, sauti hakuna. Mpakiaji mmoja akaokota ufagio na kumsukuma kwa mpini. Alianguka kama gunia. Nyonga imevimba, na mkono wa kulia mpaka leo hauna nguvu ya kushika kikombe. Daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, kisha akasema arudi nyumbani akamshukuru Mungu. Ile sehemu ya barua yako inayosema sakafu isioshwe nimeisoma mara nyingi, Kitinda. Imechelewa kwa saa tano tu.

Nilitoka nje kutazama ulichoniagiza. Waya upo. Umetokeza ukutani, umeshuka mpaka karibu na fimbo, halafu umeishia hapo. Haujashikana na kitu. Ncha yake imeviringishwa utepe wa bluu, mzunguko juu ya mzunguko, kwa uangalifu kama mtu anayefunga kidonda, kisha imesukumwa nyuma ya bomba la maji isionekane. Fimbo iko peke yake, imeota kutu ya kijani.

Nilimwita meneja. Akatazama, akauliza, "Bustani hii ni ya nani?" Kila mtu anajua ni ya Bwana Pama, yule mwenye kofia pana ambaye husalimia miche kabla ya kusalimia watu. Meneja akasema Pama ameukata waya ili auze shaba.

Pama akamjibu, "Ningekuwa mwizi wa waya, si ningeondoka nao? Mwizi gani anaiba kitu halafu anakifunga bandeji?"

Meneja akasema alikuwa anangoja nafasi. Amesimamishwa kazi tangu jana, mbele yetu sote. Alitoka na kofia mkononi, na kumbe ana upara. Miaka yote hii sikujua. Nami nikiri kwako, nilimtazama kwa jicho baya, maana nilikuwa nimetoka kumwona Bi Ndoo.

Daftari nimelijaza, mistari thelathini na mmoja. Ubao nimeuweka. Uliniambia nisiulize kwa nini, basi sikuulizi.

Leo ni siku ya saba, siku ya kuchungulia. Nimeshika yai mbele ya taa: mishipa imetanda kama mizizi ya mchicha, na katikati kuna nukta nyekundu inapiga. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja na bado nikiiona ile nukta nashusha pumzi. Elfu na elfu zinapiga ndani ya mashine moja, na mashine hiyo hiyo ilitaka kuua mtu. Sijui niipende au niiogope.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Nilikuwa nasoma nimesimama, nilipofika kwa Bi Ndoo nikakaa chini.

Ndani ya bahasha kuna betri mpya, nimeifunga kwenye karatasi. Isishikwe kwa vidole vyenye jasho. Mtafute fundi wa umeme mwenye mita, si mtu wa kubahatisha, na umpe barua hii aisome. Azime swichi kuu, asiamini kitu mpaka mita imwambie hakuna umeme. Aisugue fimbo mpaka shaba ing'ae, aufunge waya kwa kibano cha kipimo chake. Akiwa bado amezima, abadilishe pia betri. Mipangilio itafutika, lakini wewe unayo kwenye daftari. Umeme ukirudi, iandike upya mstari kwa mstari. Msiogope kuzima. Ninaogopa zaidi mkiacha.

Na jingine. Waya wa ardhi ukikosekana, si watu tu wanaoumia. Umeme wa ovyo usio na pa kwenda huingia hata ndani ya bongo na kulichanganya.

Bwana Pama hakufanya jambo hilo. Mwambie meneja. Mwambie mimi nimesema, na nina hakika.

Nimeandika barua hii mara tatu. Hii ndiyo fupi.

Kitinda


23 Machi

Mdogo wangu,

Keti ndipo usome, maana ni ndefu.

Betri ilifika salama. Fundi niliyempata ni wa kinu cha unga, mwanamke mfupi, mkoba wake mzito kuliko yeye, na maneno yake ni ya kuhesabu. Alikuwa na kazi zake, hakuweza kuja mpaka jana. Kabla hajaja tulipata pigo jingine. Siku ya mapumziko umeme ulikatika mchana, saa ikarudi Januari, bongo likapotea katika hesabu na kudhani mayai yamefika mwisho. Likapunguza joto, likaacha kugeuza. Mlinzi hakujua. Nilipoingia asubuhi nilikuta trei zimetulia na mayai yamepoa mkononi kama mawe ya kivulini. Nilirekebisha huku midomo ikisali yenyewe.

Basi jana. Fundi aligusisha mita, ncha moja kwenye kabati, nyingine kwenye bomba la maji. Ikasoma volti mia moja na arobaini. Akanigeukia. "Hapa mnafanya kazi au mnacheza kamari?"

Akazima swichi kuu. Kitinda, miaka kumi na mmoja sijawahi kuisikia nyumba ile ikiwa kimya. Feni zilipunguza mwendo moja baada ya nyingine, kisha pakawa hakuna kitu. Meneja alikuwa anatembea huku na huku akitazama saa ya mkononi. Nikamwambia mayai ya umri huu yana joto lao wenyewe, mlango ukibaki umefungwa saa moja si kitu. Hilo mimi nalijua, wala halimo kwenye mashine.

Nje, fundi aliisugua fimbo kwa brashi ya waya mpaka ikawa nyekundu kama imetoka dukani. Alipoufungua ule utepe aliuviringua polepole, bila kuukata. Akaufunga waya kwa kibano, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kisha akaja ndani akaitoa betri ya zamani na kuniwekea kiganjani. Sikuhisi uzito. Nikafikiria kitu hiki, chepesi kama punje ya hindi, kimekuwa kikikaa gizani kikikumbuka tarehe kwa niaba ya viumbe wote wale, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kipo.

Akawasha swichi kuu. Tak, swichi ikaanguka. Akaipandisha tena. Tak. Mpakiaji akanong'ona, "Ameshaiharibu." Hapo ndipo fundi alipotabasamu kwa mara ya kwanza.

"Haijaharibika," akasema. "Sasa ndiyo inasema kweli. Kuna umeme unavuja ndani, na leo umepata njia ya kwenda. Zamani njia yake ilikuwa yule mama wa ndoo."

Akatenganisha hita moja moja. Ya tatu waya wake ulikuwa umechunika na kulalia chuma. Akaiweka pembeni, akasema nyingine zitatosha. Akawasha, swichi ikakaa. Mita ikasoma sifuri na ushee. Akaniambia, "Weka mkono." Nikatazama mkono wangu, nikauweka. Kilikuwa chuma tu.

Kioo kikaniambia ni tarehe moja Januari. Nikafungua daftari, nikaingiza tarehe, saa, kisha mistari yote thelathini na mmoja. Mwisho bongo likauliza mayai ni ya siku ya ngapi. Meneja akasema, "Kumi na saba, hesabu tangu tarehe tano." Nikachukua taa. Yai la siku kumi na saba limejaa giza mpaka ncha nyembamba. Haya yalikuwa bado na upenyo wa mwanga pale chini, kama mlango usiofungwa vizuri. Nikachungulia trei nne, zote hivyo. Yale masaa ya baridi yaliyachelewesha. Nikaandika kumi na sita.

"Unabishana na kalenda?" meneja akaniuliza.

"Kalenda haijakaa humo ndani," nikamwambia. Aliniacha.

Mambo ya Pama: nilimwambia meneja kwamba umesema si yeye. Akaniuliza umejuaje ukiwa umbali wa siku tatu. Lakini fundi wa kinu alipokuwa anafunga mkoba alinipa ule utepe. Akasema mwizi hukata shaba akaenda nayo. Huu umefungwa na fundi, mtu aliyetaka kurudi.

Niko nao hapa mezani. Niambie, mdogo wangu, wewe hutumia utepe wa rangi gani?

Dada yako


27 Machi

Dada,

Wa bluu. Unajua.

Siku ile nilikuwa nimemaliza kila kitu isipokuwa waya wa ardhi. Kibano nilichonunua kilikuwa kidogo kuliko fimbo. Duka lilikuwa limefungwa. Meneja alikuwa mlangoni akiuliza kila baada ya robo saa kama tayari, maana mayai yalikuwa yanangoja. Nikaufunga waya utepe, nikausukuma nyuma ya bomba, nikawasha. Ikafanya kazi. Unakumbuka wewe uliniletea kiti ukasema, "Kaa tukutazame," na watu wakapiga makofi. Nilikaa. Nikajiambia kesho asubuhi nitanunua kibano. Asubuhi gari la kuja huku likapita, nafasi ilikuwa moja, nikapanda. Nikajiambia mwisho wa wiki nitarudi. Ni mwaka na miezi mitano.

Kwa muda mrefu nilisahau kweli. Nisingekuwa mkweli nikisema iliniuma kila siku. Iliniuma siku ile niliyoona wavu wa shaba. Nilisimama pale nikiona waya wangu mmoja nyuma ya bomba, na bado sikukuandikia. Uliponiambia kabati linauma nilikuagiza ukatazame kitu nilichokijua, nikitumaini kuna mtu alishapita akanirekebishia. Halafu ukaniambia habari ya Bi Ndoo na Bwana Pama. Barua ya tarehe kumi na sita ilihitaji mstari mmoja tu. Nikaandika "nina hakika". Mtu amekaa nyumbani siku hizi zote kwa sababu niliona haya mbele yako.

Nimemwandikia meneja kila kitu, kwa jina langu na mkono wangu, na barua hiyo imekwenda kwake moja kwa moja. Sikutaka wewe ndiye uibebe. Nyingine nimemwandikia Bi Ndoo. Nimeomba ruhusa, nimepewa kuanzia tarehe ishirini Aprili.

Umechungulia yai ukaona kwamba limechelewa siku moja, na ukathubutu kuandika hivyo mbele ya meneja. Mimi nilisomea mashine miaka mitatu, na sikuweza kuandika lililo kweli kwa dada yangu.

Kitinda


4 Aprili

Kitinda,

Barua yako ilifika tarehe thelathini. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa ni matusi, na Mama alinifunza nisimtukane mdogo wangu kwa wino.

Nianze na Bi Ndoo, maana ndiye mwenye haki ya kutangulia. Mkono umeanza kufumba, ila kikombe bado unamshinda. Mwanawe alimsomea barua yako. Akauliza, "Ni yule kijana aliyenibebea ndoo siku ile anafunga mashine?" Akaambiwa ndiye. Ukija utakwenda kwake mwenyewe, nami sitakusindikiza.

Meneja amesema hutagusa tena waya wowote hapa. Fundi wa kinu atakuwa anakuja kila miezi sita kupima waya wa ardhi, na betri itabadilishwa kabla haijachoka, tarehe imeandikwa kwa rangi ndani ya mlango wa kabati. Alimtuma mlinzi akamwite Pama arudi. Pama akakataa. Akatuma maneno, "Nilifukuzwa mbele ya watu, nirudishwe mbele ya watu." Basi juzi tulikusanywa sote uani, meneja akasimama na barua yako mkononi akaisoma yote, na akasema amemkosea. Pama alisikiliza akiwa amevaa kofia yake. Mimi nilienda kumwomba radhi kwa lile jicho langu. Akaniambia, "Nililiona." Kisha akaniuliza habari za mayai.

Nikamwambia yameshatoka. Wewe pia hujui, kwa hiyo nakuambia.

Kalenda ilisema tarehe ishirini na sita. Siku hiyo hapakutokea kitu. Meneja alikuja mara sita, nilisikia viatu vyake. Niliweka sikio kwenye trei na kusikia kama mvua ya kwanza kwenye bati, tone moja huku, tone moja kule. Walikuwa wanagonga.

Tarehe ishirini na saba asubuhi yai la kwanza likatoka nyota. Ni ufa mdogo, mfano wa nyota, na ndani yake ncha nyeupe ya mdomo. Kifaranga akapumzika. Watu wanadhani hutoka kwa nguvu, lakini sehemu kubwa ni kupumzika. Kisha akaanza kujizungusha ndani ya yai, anakata kidogo, anageuka kidogo, mpaka duara likakamilika na kofia ya yai ikainuka. Akatoka amelowa, mbaya kama kitambaa cha deki. Kufikia adhuhuri sikuweza kumsikia mtu aliyesimama kando yangu. Wapakiaji wale wanaocheka kila kitu walivua kofia, na hakuna aliyewaambia. Elfu kumi na tano, mia mbili na kumi na wawili. Waliobaki wengi ni wale walioshindwa na baridi siku ile ya saa kurudi Januari, na nimewaandika pia daftarini.

Nilitoka nje kupata hewa, nikajikuta nimesimama mbele ya fimbo yako. Shubiri moja ya shaba, na kipande kingine chote kimezama mahali ambapo sitapaona kamwe. Kila kinachovuja ndani ya nyumba yetu kinakwenda humo, na ardhi inapokea, haijai. Nilikuwa na hasira nawe bado. Lakini nilisimama pale kwa muda.

Mama nimemwambia yote. Alitaka nimsomee barua yako mara ya pili. Kisha akasema, "Mwambie chumba chake nimekifagia."

Dada yako


13 Aprili

Kwa fundi, mdogo wake mchunguliaji wa mayai,

Mimi ndiye mtunza bustani, mnaniita Pama. Si mtu wa kuandika, lakini dada yako amenipa karatasi na kalamu na kuondoka, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Siku zile nilizokaa nyumbani nilikuchukia kabla sijajua ni wewe. Nilimchukia mtu tu, asiye na sura. Mke wangu hakurudia kuniuliza kama nilikata waya, lakini aliwahi kuniuliza, mara moja. Hiyo mara moja ndiyo iliyoniuma kuliko maneno ya meneja. Nataka ulijue hilo.

Barua yako iliposomwa uani nilitazama watu, wao wananitazama mimi. Nilifikiri nitafurahi. Sikufurahi sana. Nilitaka kwenda kuangalia pilipili zangu, maana hakuna aliyezimwagilia.

Sasa sikiliza. Fundi wa kinu amenipa kazi. Amesema ardhi ikikauka, fimbo inakuwa kama mtu mwenye kiu, haipokei umeme vizuri. Kiangazi kinakuja. Akaniambia nimwage ndoo moja pale kila asubuhi, nisikose. Nikamwuliza namwagilia chuma ili kiote nini. Akasema kisiote kitu, na hiyo ndiyo faida yake. Nilicheka peke yangu mpaka jioni.

Nimeanza. Namwaga taratibu, maji yanazama. Maisha yangu yote nimemwagilia kitu nikangoja kichipue. Hapa hakichipui kitu, na kule ndani mama mwingine anapiga deki, anashika kabati ili asiteleze, anaendelea na kazi yake. Juzi nilimwona dirishani. Nilisimama na ndoo tupu nikimtazama mpaka akaniuliza kama nimepotewa na akili.

Pembeni ya fimbo udongo ni mgumu, umejaa vipande vya matofali, na maji mengine yanakimbia. Panahitaji kuchimbwa shimo dogo kuizunguka na kujazwa udongo mweusi unaoshika unyevu. Meneja amesema hutagusa waya. Hakusema chochote kuhusu jembe. Nimekuwekea moja. Njoo tarehe ishirini na nne saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa umeshakwenda kwa Bi Ndoo, si kabla.

Mtunza bustani